Kuku wa Mayai kwa Ua wa Nyumbani: Yupi wa Kuchagua?

(Maneno ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniamuru nizungumze nanyi kwa kitambo kidogo juu ya kuku wa mayai, kwa kuwa katika barua na simu zilizonifikia mwaka huu hakuna jambo lililoulizwa mara nyingi kuliko hili. Nimekubali, ijapokuwa mimi ni mtu wa kalamu na wala si bwana mifugo. Tena nimekubali kwa sababu ya pili, nayo imeandikwa katika hesabu zilizochapishwa ndani ya kitabu hiki, upande wa matumizi, mahali panaposomeka "Vifaranga 60". Wazee wamekwisha kuiona hesabu hiyo, na baadhi yao wameniuliza kwa upole ilikuwaje. Ni haki yao kujibiwa mbele ya watu wote.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana mkutano huu ulikata shauri kwamba Chama kinunue vifaranga wa kuku wa mayai, wagawiwe wajane sita wa kwetu, kila mmoja kumi, ili wauze mayai na kupata fedha za sare na madaftari ya watoto. Kazi ya kununua nikapewa mimi. Nilikwenda mjini, nikauliza bei kwa wakala mwenye kuaminika, nikaona ni ghali. Nilipokuwa nikirudi kituo cha magari nikamkuta mtu ana maboksi yenye matundu, akaniapia kwamba ndani yake mna vifaranga wa gredi, wa mayai kabisa, na bei aliyoitaja haikufika nusu ya ile ya kwanza. Nilichungulia. Walikuwa wachangamfu, safi, wote wa rangi ya manjano iliyopauka. Nikalipa, nikapanda gari, na njiani nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba nimekiokolea Chama fedha.

Wajane wale waliwalea kwa taabu kubwa. Walikesha na jiko la makaa, wakanunua chakula cha dukani kwa fedha zao wenyewe. Vifaranga 14 walikufa. Wiki ya kumi na mbili ilipotimia, mama mmoja wa upande wa Runyenjes akanipigia simu, akanisalimu vizuri, akaniuliza hali ya watoto, kisha akasema, "Karani mwanangu, kuku wako wanawika." Siku tatu baadaye nilikuwa nimekwisha kupata habari za nyumba zote sita. Kati ya kuku 46 waliosalia hapakuwa na jike hata mmoja.

Sikudanganywa kwa werevu mkubwa. Nilidanganywa kwa sababu sikuwa na elimu ya jambo nililotumwa kulifanya, na sikuuliza. Bei ya vifaranga nimeirudisha katika mfuko kwa mafungu matatu kutoka mshahara wangu, na stakabadhi ziko kwa Mweka Hazina. Chakula walichonunua wale akina mama bado sijakilipa chote. Nitakilipa. Basi haya nitakayosema ndiyo niliyojifunza baadaye, kwa kusoma, kwa kuwauliza mabwana mifugo, na kwa kufuga kuku wangu mwenyewe.

Nianze na rangi ile ya manjano. Kuku wa gredi wa rangi ya kahawia, wale wanaouzwa zaidi katika nchi yetu, kama Isa Brown aliyezalishwa Ufaransa mwaka 1978, hupatikana kwa kupandanisha jogoo wa ukoo mmoja na koo wa ukoo mwingine. Wataalamu wamechagua koo hizo kwa namna ambayo kifaranga anapotoka katika yai, rangi yake yaonyesha kama ni jike au ni dume. Jike hutoka mwenye rangi ya kahawia. Dume hutoka mweupe-manjano. Kiwanda cha kutotolea vifaranga chahitaji majike tu. Madume hayana faida kwake, na aghalabu huuawa siku ile ile au huachwa yaende kwa bei ya bure. Mtu wa kituo cha magari alikuwa amechukua hayo. Kwa hiyo, ndugu zangu, ukiambiwa hawa ni vifaranga wa kuku wa kahawia wa mayai, na unaona boksi zima ni la manjano, funga mkoba wako uende zako.

Sasa, huyu kuku chotara ni kitu gani? Wazee wanaelewa vizuri kwa njia ya mahindi. Tangu mbegu ya kwanza ya mahindi chotara ya Kitale ilipotolewa mwaka 1964, na baadaye ile 511 tuliyoizoea huku kwetu, tumejua kwamba zao la mwaka wa kwanza ni la ajabu, lakini ukitunza punje zake ukazipanda tena, shamba linatoka lisilo sawasawa, na nguvu imepungua. Kuku chotara wa mayai ni vivyo hivyo. Nguvu yake imo katika kizazi kimoja tu. Ukimweka jogoo kati yao ukatotoa mayai yao, watoto hawatawafanana mama zao. Na hata kutotoa kwenyewe ni shida, kwa maana kuku huyu ameondolewa hamu ya kulalia mayai. Anataga, anaondoka, basi. Akimaliza miaka yake huna budi kurudi kununua wengine. Anayetaka kuku wa kurithiana kutoka kwa bibi hadi mjukuu, huyu siye.

Lakini kwa mayai hana mpinzani. Kuku wetu wa kienyeji wa asili hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, maana kila akitaga kikundi kidogo hulalia, kisha hulea. Kuku wa gredi akitunzwa vizuri hufikia 300. Chukueni kuku 20. Wakiwa wa kienyeji, kila mmoja akitaga 50, mama atapata mayai 1,000 kwa mwaka mzima, yaani hayafiki matatu kwa siku. Wakiwa wa gredi na wamefika kilele cha kutaga, ataokota 16 kila siku.

Hapo ndipo watu husimamisha hesabu na kukimbilia kununua. Mimi naomba tuendelee nayo. Kuku mmoja wa gredi anayetaga hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Kuku 20 watakula kilo 2.4, na gunia la kilo 70 litawatosha siku 29. Katika siku hizo, wakitaga mayai 16 kila siku, utakuwa umekusanya mayai 464, ambayo ni trei 15 na mayai machache juu yake. Kila mmoja wenu na aulize bei ya gunia katika duka lake, na bei ya trei katika soko lake, siku moja hiyo hiyo, apige hesabu. Mahali ambapo trei 15 zinanunua gunia na kuacha fedha nzuri, afuge. Mahali ambapo zinalinunua gunia na kuacha shilingi chache tu, asifuge, kwa sababu wale kuku hawatakaa katika 16 daima. Wakizeeka watataga 10 kwa siku, nazo ni trei zisizofika 10 kwa gunia lile lile. Tena kabla ya yai la kwanza, kila kuku amekwisha kula kilo 6 hadi 8 katika miezi yake minne na nusu ya kukua, na fedha hizo zimetoka mfukoni bila kurudisha hata senti.

Namjua jamaa mmoja, simtaji, aliyejaribu kuikwepa hesabu hii kwa kuwapa kuku wa gredi makombo na pumba tupu. Kuku hawakufa. Walimtazama tu. Hakuna yai. Kuku huyu ni kama ng'ombe wa gredi: unachomnyima leo anakunyima kesho. Chokaa asipoipata katika chakula, maganda ya mayai huwa laini na mifupa yake mwenyewe hudhoofika. Na yule anayechanganya chakula nyumbani kwa mahindi, omena na mashudu ya alizeti, ni jambo jema, ila asitumie mahindi yaliyoota ukungu akifikiri kuku hawajali. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu yaliua watu 125 huko Ukambani na sehemu za jirani. Sumu hiyo hudhuru kuku pia.

Nije kwenye mahali, maana hapa ndipo nisipopatana na baadhi ya wenzangu katika Halmashauri, nao wameniruhusu niseme. Shauri lililoletwa ni kwamba Chama kinunue kuku wa aina moja kwa nyumba zote 20 zilizoandikwa. Nchi yetu si ya aina moja. Kutoka majani chai ya juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, hadi kwenye joto la Mbeere na Tharaka, ni mwendo wa saa chache tu kwa gari, lakini ni kama nchi mbili. Huko juu watu wamebanana, shamba ni dogo, kuku wa kutembea hugombanisha majirani, na soko liko karibu: hoteli, shule, maduka ya barabara kuu ya Embu na Meru. Huko kuku wa gredi aliyefungiwa bandani ana mahali pake. Kwa kuku 20 inatosha nyumba ndogo ya futi 8 kwa 5, yenye maranda makavu chini, viota vinne vya giza, na ukuta ulio wazi juu kwa waya ili hewa ipite. Baridi ya huko si adui wa kuku mkubwa. Adui wake ni unyevu. Vifaranga ndio wanaouawa na baridi.

Huko chini mambo ni mengine. Duka la chakula cha kuku laweza kuwa mbali, na nauli ya gunia yala faida. Kwa upande mwingine eneo ni pana, kuna mtama na uwele uliopukutika, kuna mchwa na wadudu, na kuku anayejua kujitafutia hula nusu ya chakula chake bure. Kuku wa gredi akifunguliwa hapo, mwewe atamchukua akiwa bado anashangaa jua. Kwa nyumba hizo naona bora kienyeji aliyeboreshwa, kama yule wa kituo cha utafiti cha KALRO huko Naivasha. Huyo hutaga zaidi ya mayai 200 kwa mwaka akilishwa vizuri, ana nyama ya kuuza akizeeka, na huvumilia maisha ya nje. Yuko pia yule aitwaye Kuroiler, aliyetoka India na kuingizwa Uganda mwaka 2010, naye sasa anafugwa kwetu. Ni mkubwa wa mwili na hupendwa kwa nyama. Hao nao, kama yule wa gredi, si walezi wazuri wa mayai. Dawa yake ni rahisi: mama abaki na koo wawili au watatu wa kienyeji halisi wa kumlalilia. Wale koo wa bibi zetu tusiwachinje wote kwa tamaa ya wageni.

Nasema hivyo kwa sababu wazee watakumbuka mpango ule wa majogoo. Kuanzia mwaka 1976 Serikali, kwa msaada wa Uholanzi, iliendesha mpango wa kustawisha ufugaji wa kuku, na katika sehemu nyingi mkulima alimtoa jogoo wake wa kienyeji akapewa jogoo wa gredi. Lilikuwa wazo zuri, na watoto wa jogoo yule walikuwa wakubwa kweli. Lakini chanjo, chakula na nyumba havikubadilika pamoja na jogoo, na baada ya vizazi vichache tofauti ikapotea. Nisingependa Chama chetu kilipe tena karo ya somo lililokwisha kusomwa.

Jambo la kununua lina maneno mengi, lakini nitataja moja. Kwa mjane au mzee mwenye nafasi ndogo, nashauri asinunue kifaranga wa siku moja. Anunue mtetea wa wiki 16. Bei yake ni kubwa, ndiyo, nayo inawashtua watu; lakini ndani ya bei hiyo mmekwisha kuingia vifo vya watoto wa wengine, makaa ya kulelea, chakula cha kukulia na sehemu kubwa ya chanjo. Kumi wa namna hiyo ni bora kuliko vifaranga 30. Tena amchunguze, kwa maana wako wauzao kuku mzee aliyechoka kwa jina la mtetea. Mtetea ana kishungi kidogo, na miguu yake ingali na manjano iliyokolea. Kuku aliyekwisha kutaga mwaka mzima miguu na mdomo wake hupauka, kwa kuwa rangi ile huondoka mwilini pamoja na mayai. Pima pia mifupa miwili iliyo chini ya mkia: kwa mtetea ambaye hajataga imekaribiana, kidole kimoja kinapita kwa shida. Na kwa anayenunua kifaranga, aulize cheti cha chanjo ya Marek, ambayo hutolewa kiwandani siku ya kwanza. Asiponyeshwa, asinunue.

Sasa kideri. Sihitaji kuwaeleza kideri ni nini. Hakuna boma hapa ambalo halijaamka asubuhi likakuta kuku wamekunja shingo. Hakina dawa ya kutibu. Kina chanjo, na chanjo hiyo hutengenezwa hapa hapa Kenya na taasisi ya KEVEVAPI. Mbona basi kuku wetu wanakufa? Nimeona sababu yake ni hii: chupa ya chanjo imepimwa kwa kuku wengi, hamsini, mia au zaidi, na ikishachanganywa na maji haikai, yafaa itumike ndani ya saa mbili hivi. Mama mwenye kuku 10 haoni maana ya kununua chupa ya kuku 100, na hayo ndiyo mawazo ya majirani zake tisa pia. Wote kumi wanakaa bila chanjo. Hili ni jambo ambalo Chama kinaweza kulifanya bila gharama kubwa. Tuchague siku moja kila miezi mitatu katika kila kijiji, chupa iletwe ndani ya chupa ya barafu, na kila nyumba ichange kwa hesabu ya kuku wake. Kuku wa jirani asiye mwanachama naye achanjwe, kwa kuwa ugonjwa hauulizi kadi ya uanachama. Kwa kweli, kama mkutano ungeniambia nichague kati ya kuku wapya na siku hizi za chanjo, ningechagua chanjo.

La mwanga nilitaje upesi. Mstari wa ikweta unapita karibu na mji wa Meru, kwa hiyo mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Kuku wa gredi hupenda saa 16 hivi za mwanga ili atage kwa wingi. Taa ndogo ya sola ikiwashwa hadi saa nne usiku yatosha. Mwanangu amezoea kusomea karibu na dirisha la banda, na sijui nani kati yao ananufaika zaidi.

Limebaki moja, nami nitalisema kwa heshima, kwa kuwa niliowakabili hapa ni wazee wangu. Katika nyumba nyingi kuku wachache wa kienyeji ni mali ya mama, na hakuna mwanamume anayewahesabu. Wakishakuwa kuku wa gredi 50 wenye trei za kuuza, hesabu yao huhamia mfuko mwingine. Nimeona nyumba ambamo mama anafagia banda, anabeba maji, anaokota mayai, na bei yao anaisikia tu. Nimeona pia kwamba katika nyumba hizo kuku hawadumu. Chama kikitoa mkopo wa kuku, naomba jina litakaloandikwa katika kitabu liwe la yule atakayewalisha, na ndiye atakayetia sahihi.

Watu hupenda kuwataja waliotajirika kwa kuku, hasa marehemu Nelson Muguku wa Kikuyu, aliyeacha kazi ya ualimu mwaka 1957 akaingia katika ufugaji. Habari zake ni za kweli na za kusifiwa. Lakini hakuanza na mamia. Alianza na kuku wachache na mtaji mdogo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta marekebisho haya juu ya shauri la Halmashauri. Nyumba 12 za upande wa juu zipewe mitetea 10 wa gredi kila moja, wa wiki 16, baada ya banda kukaguliwa. Nyumba 8 za Mbeere na Tharaka zipewe kienyeji walioboreshwa, na oda iandikwe mapema kwa kuwa huko Naivasha kuna kungoja. Siku ya kwanza ya chanjo itangulie kuku wote. Na ununuzi usifanywe na karani peke yake. Wateuliwe watu watatu, mmoja wao awe ni mmoja wa wale wajane sita, maana kwa sasa hakuna mtu katika Chama hiki anayejua rangi ya kifaranga kuliko wao.

Wanaotaka kuandikwa waje mezani kwangu kabla ya chai.

(Baada ya hotuba mzee mmoja wa Imenti aliuliza majogoo wale 46 walikwenda wapi. Karani alijibu kwamba 31 waliuzwa wakati wa Krismasi na fedha zikabaki kwa wajane, 14 waliliwa, na mmoja yungali hai huko Runyenjes, kwa sababu mwenyewe asema ndiye saa yake. Marekebisho yaliungwa mkono na kupita.)